Nilivyomuua mzee wa watu kwenye kompyuta

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza masomo ilikuwa msaidizi wa katalogi kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja, jina la chuo naliacha maana watu wa pale bado tunaalikana harusi. Hiyo ni 2014. Mkataba wa miezi sita, meza iko chumba cha nyuma karibu na stoo, feni moja inazunguka kwa kubembelezwa, vitabu vimepangwa chini mpaka unatembea upandeupande kama kaa. Watu wakisikia unafanya kazi maktaba wanajua unashinda unagonga mihuri na kuwaambia wanafunzi nyamazeni, kumbe sisi wa nyuma hata hao wanafunzi hatuwaoni. Kitabu kikiingia kinaandikwa kwenye rejista, kinapigwa muhuri, kinabandikwa barkodi, halafu kinaletwa kwetu tukitengenezee rekodi, yaani mwandishi anakaa fildi ya 100, jina la kitabu 245, mada 650, namba ya rafu na mengine mengi, na ukikosea hicho kitabu ndo kimepotea hivyo hata kama kimesimama pale pale kinakuangalia.

Tulikuwa tunatumia Koha, programu ya bure ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand, jina lenyewe la Kimaori maana yake zawadi. Uzuri wake huandiki kila kitu mwenyewe, unatafuta kwenye maktaba kubwa za nje ukikuta rekodi unaivuta. Kilichonishangaza mwanzoni ni kwamba kitabu cha Kiswahili kimechapwa hapa hapa Dar, duka lake nalijua, lakini rekodi naivuta kutoka Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani kule Washington! Wana ofisi yao Nairobi tangu 1966, kazi yake ni kukusanya machapisho ya ukanda wetu huu. Sisi tulio nacho mlangoni tunakisubiri kirudi kutoka Marekani, haya.

Sasa shida kubwa ilikuwa majina. Mfumo una sehemu yake ya kutunza majina ya waandishi, tulikuwa tunaiita otoriti, kila mtu anatakiwa awe na ingizo moja tu na vitabu vyake vyote vinaning'inia hapo. Kwetu mtu mmoja alikuwa na matano. Kuna Mohamed, kuna Mohammed, kuna Muhammad, kuna aliyefupishwa akawa M., na kuna aliyegeuzwa jina la baba likawekwa mbele maana aliyeandika alidhani kila mtu duniani ana jina la ukoo. Muyaka bin Haji, yule mshairi wa zamani wa Mombasa, utamweka wapi? Ukimtafuta kwa Haji unamtafuta baba yake, na baba yake hakutunga kitu tunachokijua.

Bosi wangu alikuwa mama mmoja wa makamo, wote tulimwita Mama, amefanya katalogi tangu enzi za kadi na droo za mbao. Akaniambia mwanangu, safisha hayo majina kabla robo haijaisha, lakini kila jina shika kitabu chake mkononi kwanza, usiiamini skrini. Nikasema sawa Mama. Siku mbili za mwanzo kweli nilishika vitabu. Siku ya tatu nikaona isiwe tabu, kupanda ngazi na kushuka kwa ajili ya herufi moja, nikaanza kuunganisha kwa macho. Ni rahisi mno, unatiki majina mawili, unachagua lipi libaki, unabonyeza, vitabu vyote vinahamia kwa aliyebaki na yule mwingine anafutika. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Ijumaa ile nilikuwa nimekwenda kama majina mia mbili na kitu na nikatoka mapema nimejipongeza kwa soda.

Ikapita kama miezi miwili. Asubuhi moja mlinzi akaniletea mzee mmoja mpaka chumba cha nyuma, mahali ambapo wageni hawafiki. Kanzu imepigwa pasi, miwani imefungwa kamba, bahasha ya kaki kwapani. Nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndo wewe unayeandika watu kwenye kompyuta?"

"Ni mimi."

"Basi mimi ni marehemu, nimekuja kukusalimia."

Nikacheka, nikadhani ni utani wa wazee. Hakucheka. Akatoa karatasi kwenye bahasha akaiweka juu ya kibodi yangu. Kumbe ni mwalimu mstaafu, ameandika vitabu vya sarufi ambavyo nusu ya walimu wa Kiswahili wamevisoma, na alikuwa ametumiwa tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili aisahihishe kama mtahini wa nje. Mwanafunzi akamnukuu yeye mwenyewe, akamwita marehemu, tena kwa heshima zote, akaweka na mwaka wa kufariki, 1987. Neno marehemu limezungushiwa wino mwekundu. Na pembeni mzee ameandika kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani: kitabu unachokinukuu ni cha 1996, je nilikiandika nikiwa wapi?

Nikaingiza jina lake. Nilikuwa nimeshajua kabla skrini haijafunguka, tumbo lilikuwa limeshaniambia. Jina lake lipo, kistari, 1987. Walikuwepo wawili wenye majina yale yale mawili, mmoja yeye, mwingine mshairi wa pwani aliyefariki mwaka huo, na mi Ijumaa ile niliwaona kama mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili nikamwacha aliyekuwa na miaka maana rekodi yake ilionekana imekamilika zaidi. Yaani nilimchagua maiti kwa sababu ana taarifa nyingi.

Nikaanza kuomba msamaha, mzee akanyanyua mkono. Anataka kuonyeshwa hivyo vitabu "vyake". Nikampeleka rafuni, kule PL 8704 inakokaa fasihi ya Kiswahili, Mama anatufuata nyuma hasemi kitu, na kimya cha Mama kilikuwa kibaya kuliko matusi. Mzee akachomoa kidiwani chembamba cha yule mshairi, akafungua katikati, akaanza kusoma kwa midomo huku anahesabu mizani kwa vidole, kidole gumba kinagusa vingine kimoja kimoja, nane za kwanza zikaenda vizuri, nane za pili zikafika saba zikaishia hapo. Akarudia. Saba tena. Akageuza ukurasa, akahesabu ubeti mwingine, akafunga kitabu.

"Kumi na tano," akasema. "Mjukuu wangu, kufa nimekusamehe, sote tutakufa. Lakini haya ndo unasema nimeyatunga mimi?"

Hapo Mama akashindwa, akageukia ukutani mabega yanatikisika.

Kuwatenganisha kulinichukua siku nne. Kompyuta haikumbuki nani alikuwa wa nani, ikabidi niprinti orodha yote ya jina lile, vitabu 23, nivifuate kimoja kimoja rafuni, nisome jalada la nyuma, dibaji, shukrani, chochote chenye mwaka au mji. Kimoja kilikuwa kwa mhadhiri aliyekiazima akakigeuza cha nyumbani, nilimpigia simu mara tatu. Na huko huko ndo nikagundua kwamba vitabu kama arobaini vya Kiswahili mfumo unavitaja kuwa ni vya Kiswidi, kuna mtu zamani aliandika swe badala ya swa, herufi moja tu, miaka na miaka hakuna aliyeona. Hilo angalau halikuwa langu. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Kikabaki kijitabu kimoja hakina mwaka, hakina mchapishaji, hakina dibaji, kina kurasa thelathini na mbili za insha na jina tu. Nikampigia mzee. Akasema nisomee mwanzo. Nikasoma sentensi mbili.

"Acha. Hicho cha marehemu. Mimi koma siziweki hivyo."

Nikakiandika cha marehemu, na kwenye fildi ya maelezo nilitamani kuweka kwamba ushahidi ni koma.

Wiki iliyofuata akaja mwenyewe kukagua. Safari hii Mama alimwekea kiti na chai ya tangawizi. Nikamwambia mzee, ili msichanganywe tena nahitaji mwaka wako wa kuzaliwa.

"Cheti kinasema 1944. Mama yangu aliukataa mwaka huo mpaka anaingia kaburini. Weka 1944."

Nikaandika 1944, nikaweka kistari. Akasogeza miwani.

"Na hapo mbele mbona wazi?"

"Hapo hapaandikwi kitu mzee, mpaka..."

"Mpaka nini?"

Nikanyamaza. Mama akawa anasoma dari. Mzee akaniangalia muda mrefu kisha akacheka, kicheko kirefu cha kifua mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

"Basi kalamu hiyo apewe mwingine," akasema, "wewe ulishawahi."

Wakati anaondoka akapitia kaunta akaazima kile kidiwani cha marehemu, nikashangaa ila sikuuliza. Kilirudi baada ya wiki mbili. Nikakifungua kukagua kama kimechanika, nikakuta amepitia shairi zima zima kwa penseli kali, kila mstari uliopungua mizani ameandika namba pembeni, na palipokosekana kina amependekeza neno. Sheria ni kufuta. Nikachukua raba nikafuta kurasa tatu, ya nne nikaona neno alilopendekeza linakaa vizuri kuliko lililochapwa. Nikatazama huku na huku, nikakirudisha rafuni.