Bolti zilizogoma kwenye mashine ya boti: nilivyozitoa Lindi

Mashine yetu ni ya farasi 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, na ilishapita mikononi mwa watu wengi kabla haijafika kwetu. Tunavushia abiria na samaki baina ya Lindi mjini na Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Ilipoacha kutoa mchirizi wa maji ya kupoza tukajua ni impela, kile kipira chenye mapanga ndani ya pampu ya maji. Kubadilisha impela si kazi ya kutisha: unashusha mguu wa mashine, unafungua bolti nne za pampu, unachomoa ya zamani, unaweka mpya. Impela tuliipata Mtwara. Kazi ilikuwa bolti.

Pikipiki ya Nachingwea, bara mbali na bahari, ikishika kutu, ni kutu nyekundu tu, na mafuta ya kupuliza yakiingia mara nyingi inaachia. Mashine ya boti ina ugonjwa mwingine. Mwili wake ni aluminiamu, bolti zake ni chuma kisichoshika kutu, na katikati yake kuna maji ya chumvi. Metali mbili tofauti zikilowana pamoja kwenye chumvi zinafanya kazi kama betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Ule unga mweupe unaouona umezunguka kichwa cha bolti ndiyo aluminiamu iliyokwisha kuliwa, nao unajaza nafasi kubwa kuliko metali ilivyokuwa mwanzo. Unajibana katikati ya meno. Kwa hiyo bolti inaweza kung'aa kichwani kama mpya, na chini imeshikwa kama imejengewa kwa saruji.

Juu ya hayo, waliotutangulia walishapita na plaizi. Vichwa viwili vya bolti za pampu vilikuwa vimeliwa kona zote, spana ya 10 inazunguka bure. Skrubu za kabureta nazo, ambazo tulitaka kuzifungua kwa kuwa mashine ilikuwa chini tayari, zilikuwa na mashimo ya duara pale palipokuwa na msalaba.

Mdogo wangu akaleta spana na kipande cha bomba cha kurefushia. Nikamzuia. Bolti ya milimita 6 haivumilii bomba. Kichwa kinabaki mkononi na mwili unabaki ndani, halafu shida yako inakuwa imezaa. Mzee mmoja anayeshona nyavu pale ufukweni alikuwa akitutazama, akasema, "Njomba, hiyo ya baharini haitaki nguvu, inataka moto." Nami ndivyo ninavyoamini: mafuta yanasaidia, lakini joto ndilo linalofungua.

Sababu yake ni rahisi. Aluminiamu ikipata joto inatanuka zaidi kuliko chuma, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko bolti iliyomo. Hata bila kupanuka sana, ule unga unapasuka na kuachia. Ila moto wenyewe una masharti. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi 660, na haiwi nyekundu kwanza kukuonya kama chuma. Unaiona nzima, mara inainama. Karibu na pampu kuna oili sili za mpira, na nyumba ya pampu yenyewe kwenye mashine yetu ni ya plastiki. Kwa hiyo pale sikutumia tochi ya gesi kabisa. Tulichemsha maji kwenye birika, tukamwagia mguu taratibu, birika baada ya birika, mpaka aluminiamu ikawa haishikiki. Maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100, hayaunguzi sili wala plastiki, na hayawashi petroli. Watu wanayadharau kwa sababu ni ya bure.

Kabla ya hapo bolti zilikuwa zimelala na dawa. Nachanganya mafuta mekundu ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni niliipata kwa wanaotengeneza boti za faiba, wanaosafishia brashi. Vimiminika hivyo viwili havikai pamoja, kwa hiyo tikisa kila unapotaka kutumia, na kaa mbali na sigara. Nilidondoshea kila bolti, nikaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, kiasi cha kuitetemesha ili dawa ishuke. Tukaziacha usiku kucha.

Asubuhi, baada ya birika, bolti mbili zenye vichwa vizima zilitoka. Siri ni kukaza kidogo kwanza, kisha kulegeza, kisha kukaza tena. Ukisikia inalia, rudi nyuma, dondoshea dawa, endelea. Anayezungusha upande mmoja tu bila kupumzika ndiye anayekata.

Zile mbili zilizoliwa nilizipigia tupa pande mbili zilizotazamana mpaka vaisi gripu, lile koleo la kujifunga, ikapata pa kuuma. Moja ilitii. Nyingine ilizunguka robo ikakataa, tukarudi kwenye birika. Ikiwa bado ya moto niligusisha mshumaa pale shingoni. Nta inayeyuka na kunywewa ndani ya meno, na ikifika huko inalainisha. Ikaja.

Skrubu za kabureta ni hadithi nyingine, na hapa nina neno na mafundi wenzangu. Skrubu nyingi za mashine za Japani si za nyota ya kawaida. Tazama kichwani: mara nyingi kuna kinukta kidogo. Msalaba wake umekatwa kwa namna ambayo bisibisi yetu ya nyota haifiki chini. Inakaa juu juu, inateleza, inakula kona. Nilisaga ncha ya bisibisi ya zamani kidogo tu kwenye jiwe, ikakaa. Nikaipaka dawa ya kusagia valvu, ile yenye chembechembe, ili ishike. Kisha bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo inasukuma chini na kuzunguka kwa wakati mmoja. Kwenye kabureta gonga kwa adabu, chombo chenyewe ni laini. Moja iliyokuwa shimo tupu niliichonga mfereji kwa msumeno wa chuma, nikaigeuza kwa bisibisi bapa.

Bolti moja ya mguu, nene kuliko za pampu, ilikuwa imekatika tayari, kisiki kikiwa kimechomoza kidogo tu kwenye mwili wa juu. Hapo watu wengi wanatoboa na kuingiza kile kichomoleo cha meno ya kinyume. Mimi sikipendi. Ni chuma kigumu mno. Kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haikitoboi tena. Tulikwenda kwa kijana anayechomelea mageti. Tukaondoa tangi, tukamwaga petroli ya kabureta, tukachomoa waya za kiwashio, na waya wa athi tukaubana karibu kabisa na kisiki ili umeme usizunguke mashine nzima. Akaweka nati juu ya kisiki, akajaza kati yake. Aliogopa kwamba ataunganisha kila kitu. Lakini chuma cha kuchomelea hakishikamani na aluminiamu. Kinashika kisiki na nati tu, na joto lake linaingia palepale linapotakiwa. Nati ya kwanza iling'oka. Ya pili ilipopoa nusu, kisiki kikazunguka kwa spana ya kawaida.

Kurudisha ilikuwa kazi ya dakika chache. Tulisafisha matundu kwa tapi, kile chuma cha kukatia meno ya tundu, kwa mkono, tukayapuliza. Bolti za zamani tulizitupa, tukatafuta zenye alama ya A4, zinazostahimili bahari; zile za njano za madukani hazifai kabisa hapa. Kila moja ilipakwa grisi ya baharini kwenye meno na chini ya kichwa, nikakaza kwa spana fupi, bila bomba. Sasa kila mwezi mdogo wangu anazilegeza robo na kuzirudisha, na kila jioni mashine inawashwa ndani ya pipa la maji baridi ya bomba. Skrubu moja ya kabureta bado ina mfereji wa msumeno; inafunguka vizuri, nimeiacha.