Dubu wa Aktiki

Mwezi wa Mei mwaka 2004, nikiwa mwalimu kijana wa jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Tanga, niliwafundisha wanafunzi wangu jambo lisilo sahihi. Niliwaambia kwamba maeneo ya baridi kali yanayoizunguka Ncha ya Kaskazini huitwa Aktiki kutokana na neno la Kigiriki "arktos", yaani dubu, kwa sababu huko ndiko wanakoishi dubu weupe. Msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, na Antaktiki je, nako wapo dubu?" Hawapo, na sikuwa na jibu, nikamwomba anisubiri hadi kesho yake.

Alasiri hiyo nilikwenda maktaba. Maana ya neno nilikuwa nimeipatia, lakini sababu nilikuwa nimeikosea kabisa. Dubu aliyekusudiwa si mnyama wa barafuni, bali ni kundinyota la Dubu Mkubwa, ambalo Wagiriki wa kale waliliona likizunguka upande wa kaskazini usiku kucha bila kuzama baharini kama nyota nyingine. Kwa hiyo kilichohusiana na upande huo wakakiita "arktikos", cha dubu. Antaktiki ni upande unaomkabili dubu huyo, na neno hilo lilikuwa likitumika karne nyingi kabla mabaharia hawajaliona bara lenyewe mwaka 1820. Kwamba dubu weupe wapo kaskazini na kusini hawapo ni sadfa tu, nami sijawahi kukutana na sadfa iliyonistaajabisha kuliko hiyo.

Jioni nilimsimulia baba, aliyekuwa mvuvi tangu ujana wake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Na sisi, mwanangu, kaskazini tumeiitaje, kama si kwa kaskazi?" Nilinyamaza. Neno hilo nilikuwa nimelitamka na kuliandika ubaoni miaka yote bila kuusikia ule upepo ndani yake, wala kusi ndani ya kusini.

Kesho yake nililisahihisha kosa langu mbele ya darasa zima. Lakini usiku ule, mvua ilipokatika, mimi na baba tulitoka uani, nikamwonyesha nyota saba za Dubu Mkubwa. Kwetu Tanga Nyota ya Kaskazini haichomozi kamwe, ila hizo saba zilionekana chini kabisa, juu kidogo ya mapaa ya majirani. Tukasimama tukizitazama, na kusi ikitupiga migongoni.