Fangasi zilinirudia mara tano kwa mwaka mmoja

Wadada leo naongea bila kuzungukazunguka, mwenye aibu apite tu. Mwaka jana fangasi za ukeni zilinirudia mara tano. Tano! Umesimama kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni, jinzi imebana, joto la Dar hilo, unawashwa na huna pa kujikunia, we acha tu.

Na makosa mengi yalikuwa yangu. Kila nikiwashwa najiambia hii UTI, naenda duka la dawa naelezea nusunusu kwa aibu, napewa antibayotiki, naondoka, kipimo hakuna. Nafuu siku mbili halafu mwezi unaofuata ngoma ileile. Daktari aliponieleza nilichoka. Antibayotiki inaua bakteria, fangasi haizigusi, tena inaua na wale bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ukeni ili fangasi zisizidi, yani nilikuwa namfukuza mlinzi halafu nashangaa wezi. Uchafu wangu ulikuwa mzito mweupe kama maziwa mgando, hauna harufu. Ukisikia shombo ya samaki mara nyingi hilo ni tatizo lingine na dawa yake nyingine, ndo maana upimwe kwanza.

Wakanipima HIV, nikawa salama, na sukari kabla sijala kitu, ikasoma 6.4. Kisukari kinaanzia 7, kwa hiyo bado ila nilikuwa naelekea. Hapo ndo nikaanza kujihesabia: chai vijiko vitatu, maandazi mawili, soda mchana, jioni juisi ya ukwaju tamu balaa. Nimepunguza vyote, soda nimeacha kabisa. Ila sitaki kumdanganya mtu, eti ukiacha sukari fangasi zinakufa, hapana. Sukari ikipanda kwenye damu ndo zinanawiri, kama yako iko sawa kuacha keki peke yake usitegemee miujiza. Mtindi nakunywa kwa sababu naupenda, nakunywa kwa MDOMO jamani, maana kuna shosti alinishauri kitunguu swaumu kule chini nikamsikiliza, niliungua siku mbili nikawa natembea kama bata.

Dawa nilizopewa ni flukonazoli miligramu 150, kidonge kimoja kila baada ya siku tatu mara tatu, halafu kimoja kila wiki kwa miezi sita. Usiige kichwakichwa, na mjamzito ndo kabisa asizimeze bila daktari.

Kilichokuwa kigumu kuliko soda ni kuacha kujisafisha ndani, maana tumelelewa hivyo, kidole na sabuni mpaka usikie umetakata. Sasa hivi maji tu na kwa nje tu. Nailoni nimetupa nimenunua za pamba, na nikirudi nimetoka jasho nabadilisha hapohapo.

Halafu kuanika. Zamani nilikuwa naficha chupi chumbani chini ya taulo, zinakauka kwa siku mbili na bado zina unyevu, nikaamua kuzitoa juani katikati ya uwanja. Mama mwenye nyumba akaniita, "We binti, ndo nini hizi mbele za watu?" Nikamwambia shikamoo mama, nina tatizo daktari kasema zipigwe jua. Akaguna. Kesho yake nakuta kamba yangu imehamishiwa nyuma ya choo, sawa tu, kule jua linafika kuanzia saa nne.