Kuuliza siasa msimu wa korosho

Kuandika habari za siasa nimeshazoea, ila hii ya kukusanya maoni ni shule nyingine. Kwenye habari unamfuata mwenye maneno mengi. Kwenye utafiti huruhusiwi: nyumba inapatikana kwa bahati nasibu, na wa kuhojiwa ndani yake vilevile. Baba mwenye nyumba kajiandaa barazani, bahati inamwangukia binti yake. Uone uso unavyobadilika!

Juzi huku Tandahimba, mkoani Mtwara, nimemkuta bibi anaanika korosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetumwa na chama gani?"

Nikajieleza weee. Akasikiliza, kisha: "Na bei ya mnada mnauliza?" Nikasema hapana, haimo. "Basi siasa hamjaja kuuliza."

Kanimaliza. Huku ukitaka siasa, anzia stakabadhi ghalani, ule mfumo wa korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada.

Hilo la "nani kakutuma" si dogo. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni Afrika, huwauliza kabisa wahojiwa mwishoni wanadhani nani katuma wahoji. Anayedhani ni serikali anaweza kupima maneno.

Na nyie mnaonicheka kwamba watu 1,200 hawawezi kusemea nchi: mwaka 1936 kule Marekani, jarida la Literary Digest lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likasema Landon anamshinda Rais Roosevelt kwenye uchaguzi. Roosevelt akambwaga, Landon akaambulia majimbo mawili tu. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko ya jarida, alipatia. Jarida lilikuwa limewaandikia zaidi wenye simu na magari, tena wakati wa hali ngumu ya uchumi.

Kesho Newala. Mwenye kujua gari la alfajiri anishtue.