Karatasi Zimetoka, Gundi Bado: Kuandaa Ukuta wa Zamani kwa Plasta Mpya

Ukuta uliobanduliwa karatasi za mapambo huonekana safi, lakini mara nyingi hauko tayari. Gundi ya karatasi ikikauka haionekani, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi za plasta. Plasta mbichi ina maji, maji hayo yanailainisha gundi, na plasta inajikuta imeshikilia ute badala ya ukuta. Matokeo yake ni mapovu siku ileile, au mapande yanayobambuka miezi kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshalipwa.

Kuitambua ni rahisi. Lowesha sehemu kwa sifongo, subiri dakika moja au mbili, kisha sugua kwa kidole. Ukisikia utelezi, gundi ipo. Gundi ya wanga hugeuka bluu iliyokolea ukiidondoshea iodini, ila ya selulosi haibadiliki rangi, kwa hiyo kidole ndicho cha kuaminiwa.

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuanza kuosha. Andaa ndoo mbili: moja ya maji ya moto yenye sabuni kidogo, nyingine ya maji safi ya kusuuzia. Fanya kipande cha kama mita moja ya mraba kwa wakati. Lowesha, acha dakika 5 hadi 10, kwangua ute kwa kikwangulio kipana, futa, suuza. Maji yakishakuwa mazito kama uji, yamwage. Ukiendelea nayo unapaka gundi upya. Usiloweshe kupita kiasi, maana plasta ya jasi hulainika ikijaa maji. Ukuta ukikauka, rudia kipimo cha kidole, hasa kwenye pembe na juu ya ubao wa chini wa ukuta, ambako mikono huchoka.

Sasa gonga ukuta wote kwa mpini wa bisibisi. Mlio wa uwazi maana yake plasta ya zamani imeachana na tofali. Kipande kidogo kisichocheza ukikisukuma kwa kiganja kinaweza kubaki. Kinachocheza kitoke chote, mpaka ufike penye plasta imara. Laza tindo unapopiga. Ukiisimamisha wima, mtikisiko utalegeza na plasta imara iliyo jirani. Mashimo yajazwe kwa tabaka zisizozidi milimita 10, kila moja ikikwaruzwa kabla haijakauka ili inayofuata ipate pa kushika.

Nyufa za unywele ziache. Kubwa zaidi, zipanue kwa umbo la V, ondoa vumbi, lowesha kidogo, jaza, kisha bandika tepi ya wavu. Ufa unaorudi kila ukizibwa una sababu nyuma yake, na plasta haitaiondoa.

Chumvi nyeupe inayotoka ukutani isuguliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha, inayeyuka na kurudi ndani. Ila chumvi ni dalili ya unyevu, na chanzo chake kitafutwe kwanza.

Rangi ya zamani inayoacha unga kwenye kidole chenye maji lazima iondolewe yote. Rangi ya mafuta inayong'aa ikwaruzwe, kisha ipakwe praima yenye mchanga. Katika nyumba za zamani rangi inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo usiipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji na barakoa.

Kisha nyunyizia maji. Yakimezwa papo hapo, ukuta una kiu na utaikausha plasta kabla mwiko haujapita mara ya pili. Hapo paka PVA, yaani gundi nyeupe ya majimaji, iliyochanganywa na maji: sehemu 1 ya PVA kwa 5 za maji, iache ikauke, halafu 1 kwa 3, na plasta ianze ikiwa bado inanata. Kuna wanaoipaka juu ya gundi ya karatasi wakidhani inaifunga. Haifungi chochote, inashikilia kile kinachotaka kutoka. Na ukuta wa chokaa usiupake PVA kabisa, wala usiupige plasta ya saruji, kwa sababu zote mbili huzuia unyevu kutoka. Upige plasta ya chokaa, ukiulowesha kwa maji tu.

Paka PVA kwa ukubwa unaoweza kuupiga plasta kabla haijakauka. Ikikauka hubaki utando laini usioshika, na itabidi upake tena.