Nilivyojifunza kuitambua zirkoni ya asili na kuinunua

Mteja akiniambia anataka pete ya zirkoni, kwanza namuuliza ameiona wapi. Mara nyingi atanionyesha picha ya pete ya silva kutoka Kariakoo au Dubai, yenye jiwe jeupe linalometameta kila upande. Hilo ni zirkonia, oksidi ya zirkoniamu inayoyeyushwa kwenye mitambo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ili ishike nafasi ya almasi. Ni jiwe zuri na ni rahisi, na anayelitaka namuuzia bila kinyongo. Ila zirkoni yenyewe ni kitu kingine kabisa. Ni silikati ya zirkoniamu, imetoka ardhini, na ni miongoni mwa madini ya zamani kuliko yote tunayoyajua: punje za zirkoni za Jack Hills, Australia Magharibi, zimepimwa umri zikafika miaka bilioni 4.4.

Natengeneza na kuuza vito hapa Arusha, mji ambao tanzanaiti imefunika kila jiwe jingine. Zirkoni nilianza kuitafuta kwa ajili ya mabibi harusi na mama zao. Wengi wanataka jiwe lenye moto wa almasi, liwe la asili, na bei wanayoweza kuilipa bila kuvunja kibubu. Moto ni ule uwezo wa jiwe kuuchambua mwanga mweupe ukatoka na rangi za upinde wa mvua. Wataalamu wanaupima: almasi ina 0.044, zirkoni 0.039, yakuti samawi 0.018. Ukiiweka zirkoni nyeupe iliyokatwa vizuri chini ya taa, huhitaji namba hizo, utauona moto kwa macho. Mimi naamini hili ndilo jiwe linalodharauliwa kuliko yote kwenye meza za madini, na sababu kubwa ni kuchanganywa na lile la kutengenezwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kujifunza kuyatenganisha. Hapa Arusha tuna bahati ya Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha utambuzi na ukataji wa vito, na mafundi waliopita pale ndio walionielekeza. Mmoja aliniambia: "Dada, usianze na mashine. Refraktomita yenyewe haifiki kwenye zirkoni." Ni kweli. Refraktomita, yaani kipimo cha kawaida cha jinsi jiwe linavyopinda mwanga, inaishia kama 1.81, na zirkoni nzuri iko 1.92 hadi 1.98, hivyo ukiiweka pale hupati usomaji. Kifaa cha kuanzia ni lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, kibano na tochi ndogo.

Jiwe nalishika kwa kibano, lenzi naileta karibu kabisa na jicho, kisha nalisogeza jiwe taratibu mpaka lionekane sawasawa. Natazama kupitia upande wa mbele, macho yakitafuta kingo za nyuso zilizokatwa upande wa nyuma. Kwenye zirkoni kila ukingo unaonekana mara mbili, mistari miwili inayokwenda pamoja kama reli. Hii ni kwa sababu jiwe linaugawa mwanga unaoingia kuwa miale miwili, na kwa zirkoni mgawanyo huo ni mkubwa, hadi 0.059. Kwenye zirkonia, kioo na spineli utaona mstari mmoja tu.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Mkataji mzuri hulipanga jiwe ghafi ili ukilitazama moja kwa moja kutoka juu, mistari hiyo isijigawe, kwa kuwa ikijigawa jiwe huonekana lina ukungu ndani. Maana yake ni kwamba zirkoni iliyokatwa kwa ustadi, ukiichungulia wima kupitia uso wake mkubwa, inaweza isikuonyeshe kitu. Liinamishe jiwe, tazama kupitia nyuso ndogo za pembeni, lizungushe, tazama tena. Mistari miwili itajitokeza.

Moisanaiti, jiwe jingine la kutengenezwa linalofanana na almasi, nayo inagawa mistari, na siku hizi imejaa sokoni, kwa hiyo lenzi peke yake haitoshi. Hapo naenda kwenye uzito. Zirkoni ni jiwe zito mno kwa umbo lake. Kama halijafungwa kwenye pete, nalipima kwa mizani ya karati, kizio cha uzito wa vito, kwanza hewani, halafu likiwa ndani ya maji kwenye kikapu kidogo cha waya mwembamba kinachoning'inia bila kugusa bilauri. Jiwe moja la rangi ya asali nililonunua kwa ajili ya kidani lilikuwa na karati 4.10 hewani na 3.22 majini. Limepoteza 0.88. Ukigawa 4.10 kwa 0.88 unapata kama 4.66, yaani jiwe ni zito mara hizo kuliko maji ya ujazo huohuo, na hapo ndipo ilipo zirkoni safi, kati ya 4.6 na 4.7. Lingekuwa moisanaiti lingepoteza karibu 1.27, na zirkonia ingepoteza kama 0.70 tu. Chunga viputo vya hewa vinavyoshika kwenye jiwe, vifute kwa brashi laini kabla ya kusoma mizani, maana kiputo kimoja kinatosha kuharibu hesabu kwenye jiwe dogo.

Hesabu hiyo inayumba kwa mawe fulani ya kijani, hasa ya Sri Lanka. Zirkoni huzaliwa ikiwa na chembe za urani na thori, elementi zenye mnunurisho, ndani yake, na katika mamilioni ya miaka chembe hizo huvuruga mpangilio wa ndani wa jiwe. Jiwe lililovurugika sana huwa jepesi, uzito wake ukishuka hadi karibu 3.9, na mistari haijigawi tena. Ni zirkoni halali, na wakusanyaji wanaipenda, lakini kwa mtu anayetafuta moto kwenye hereni za harusi halifai. Urani hiyohiyo ndiyo inayowawezesha wanajiolojia kusoma umri wa miamba.

Kuhusu rangi, hapa kwetu zirkoni hupatikana bonde la Umba mkoani Tanga, mahali palipojulikana zaidi kwa yakuti na ganeti zake, na pia Tunduru, kwenye changarawe za mito. Nyingi ninazoziona ni za kahawia, asali, chungwa na nyekundu iliyokolea. Nazipenda sana kwenye dhahabu ya njano, kwa sababu rangi ya dhahabu na ya jiwe zinapokeana na ngozi nyeusi inazibeba zote mbili. Wateja wengi, hata hivyo, wanataka ya buluu, na hasa kwa mtoto aliyezaliwa Desemba, kwani ni mojawapo ya mawe ya mwezi huo. Buluu karibu yote iliyo sokoni imechomwa. Jiwe ghafi la kahawia, maarufu likiwa lile la Ratanakiri nchini Kambodia, hupashwa joto la kama nyuzi 900 hadi 1,000 mahali pasipo na hewa ya kutosha, likatoka buluu. Likichomwa penye hewa hutoka jeupe au la dhahabu. Biashara ya mawe hayo ya buluu ilishika kasi miaka ya 1920.

Kuchoma si udanganyifu. Sisi wa Arusha tunaijua habari hiyo kwenye tanzanaiti, ambayo nyingi nayo huchomwa. Ninachotaka ni muuzaji aseme. Nikiuliza "limechomwa?" na mtu akaniapia kwamba zirkoni ya buluu kali imetoka hivyo ardhini, namrudishia jiwe lake kwa heshima na kuaga. Baadhi ya mawe yaliyochomwa hurudi kidogo kwenye ukahawia yakikaa sana juani. Kwa hiyo nikinunua jozi ya buluu kwenye fungu moja, moja nalianika dirishani penye jua kwa siku kadhaa, jingine nalifungia kwenye droo, kisha nayalinganisha juu ya karatasi nyeupe kabla sijamwita mteja.

Lile jiwe la asali nililipata kwa mzee mmoja mfanyabiashara mwenye leseni, anayekatisha mawe yake mwenyewe. Biashara ya madini kwetu inataka leseni ya Tume ya Madini, na tangu mwaka 2019 kuna masoko ya madini mikoani, hivyo hakuna sababu ya kununua kito chini ya mti. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mzee alifungua karatasi tatu. Mbili nilizirudisha mara moja. Mawe yalikuwa yamechanganywa humo yakisuguana, na chini ya lenzi kingo zake zilikuwa na mapengo meupe meupe kama zimetafunwa. Huu ndio ugonjwa mkuu wa zirkoni: ugumu wake ni 6.5 hadi 7.5 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, lakini ni jiwe linalomeguka kirahisi kwenye kingo. Yakifungwa pamoja kwenye karatasi moja yanaharibiana yenyewe kwa kutikisika tu safarini. Kwenye karatasi ya tatu kila jiwe lilikuwa limeviringishwa peke yake.

"Mwanangu, hili ni karati nne na kitu, bei yake kwa karati nimekwambia," alisema.

"Nimekusikia mzee. Lakini mimi mteja wangu atalitazama kwa macho, hatalipima. Tuangalie milimita."

Hapo ndipo mazungumzo ya zirkoni yanapotakiwa kuanza. Almasi ya duara ya karati 1 ina upana wa kama milimita 6.5. Zirkoni ya karati 1 haifiki 6, kwa sababu ya uzito wake. Anayezoea bei ya karati atajikuta amelipia uzito uliojificha chini ya jiwe, na wakataji wengine huacha tumbo nene makusudi ili mizani ipande. Hili lilikuwa na milimita 10 kwa 8, na nilipoligeuza ubavu tumbo lake lilikuwa la kawaida. Nililiweka juu ya maandishi ya gazeti na kulitazama kutoka juu: sikuweza kusoma herufi hata moja katikati, ishara kwamba mwanga unarudi juu badala ya kupita moja kwa moja. Alishusha bei kidogo, nami nikapandisha kidogo, tukakubaliana. Kwenye risiti nilimwomba aandike jina la jiwe, uzito, vipimo, asili yake Umba, na kwamba halijachomwa. Mzee hakusita, na hilo ndilo lililonifanya nirudi kwake mara nyingine.

Kwa sonara nina masharti. Zirkoni isisogezwe karibu na moto wa kuunganishia, hasa iliyochomwa, kwa kuwa joto linaweza kuibadilisha rangi. Kazi ya dhahabu imalizwe yote kwanza, jiwe liingie mwisho. Kwa hereni na vidani, kucha nne nzuri, yaani vidole vya dhahabu vinavyolishika jiwe, zinatosha, kwani havigongwi mara kwa mara. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku nataka ukuta mwembamba wa dhahabu uzunguke jiwe lote na kufunika kingo. Vumbi letu lina mchanga wa kwarzi wenye ugumu wa 7, na kuifuta pete kavu kwa kanga kila jioni kunatosha kuichubua zirkoni polepole. Bibi harusi anayetaka kucha ndefu ili jiwe lipae juu namshauri achukue yakuti nyeupe kwa pete, na zirkoni aiweke kwenye hereni, ambako moto wake unaonekana kila anapogeuza shingo.

Kusafisha ni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto, kisha kitambaa laini. Mashine ya mitetemo na ile ya mvuke hapana. Na jiwe likichakaa kingo baada ya miaka, lisitupwe. Livuliwe kwenye pete, lipelekwe kwa mkataji, naye atalisugua nyuso upya kwa kupoteza uzito mdogo; mradi amwambie sonara vipimo vipya, maana kiti cha zamani kitakuwa kimelegea.