Jinsi nilivyozuia bwawa letu la kuvulia samaki lisipasuke

Bwawa letu dogo la udongo huko Limuru, ambalo marehemu baba alilijenga ili tuvue samaki na kupiga makasia siku za mapumziko, lilianza kuvuja chini ya tuta wakati wa mvua za masika. Nilikumbuka maafa ya Solai, ambako Mei 2018 bwawa la shamba la binafsi lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40, na kwa kuwa majirani zangu wanaishi bondeni, usingizi ulinipaa.

Nilikinga maji yale kwenye gilasi, na yalipotulia, udongo laini ulibaki chini. Hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwani maji yenye tope huwa yanalila tuta kutoka ndani. Niliwaarifu majirani siku hiyohiyo, nikamwita mhandisi, tukapunguza maji polepole, maana yakishuka ghafla ukuta wa ndani huweza kuporomoka.

Nilitaka kuziba tundu kwa saruji. Mhandisi alikataa, akaeleza kwamba maji yangetafuta njia nyingine. Badala yake tulitandaza mchanga safi, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yatoke bila kuchukua udongo. Mfereji wa kutolea maji ya ziada, uliokuwa umezibwa na magugu, tuliufungua.

Sasa kila Jumamosi napima mvujo kwa ndoo ya lita 10 na saa. Maji hutoka maangavu, na ndoo hujaa kwa dakika nne.